Mguu wa Tatu

Breki ya mkono ilikufa mwezi wa pili, kwenye mteremko wa Butiaba.
Ililia kama kuku aliyekanyagwa,
na tangu siku hiyo kazi yake ni kutundikiwa kofia.

Zamani hili lilikuwa jambo la watu wawili.
Openjuru alikaa kwenye usukani, mguu juu ya breki,
akitafuna muwa, akinitazama kiooni,
na mimi nyuma, maji yakinifika mapajani,
nikifungua kamba, nikipaza sauti: Shika!
Naye: Nimeshika, Abwooli. Nilishika kabla hujazaliwa.
Mwongo. Nimemzidi miaka mitatu.

Sasa yuko Kabaale, kwenye kambi ya mafuta,
anaendesha lori la magurudumu kumi na manane.
Breki zake, aliniambia kwa simu, zinashikwa na upepo.
Upepo!
Nilicheka mpaka salio likakata.

Nimebaki na pikapu, tela, mashua ya faiba,
injini ya nguvu za farasi arobaini,
na masanduku sita ya barafu yasiyojua subira.

Kwanza mawe. Mawili, ukubwa wa kichwa cha mbuzi,
nyuma ya magurudumu ya nyuma.
Kisha injini kuzimwa, gia ya kwanza ndani,
ingawa gia hii huchoropoka kama kambale mkononi.
Kisha kafi.
Kafi la zamani, lililovunjika siku ya mawimbi ya Tonya.
Nililikata kwa msumeno, baada ya kulipima mara nne:
ncha moja kwenye pedali, nyingine kwenye ukingo wa kiti,
na kiti kusogezwa mbele mpaka mti ulie.
Lililosukuma mashua sasa linazuia gari.
Ningesema zaidi, lakini barafu inayeyuka.

Mtoto wa Nyamahunge amesimama na dumu lake la njano.
"Mama, nikushikie breki?"
Akikaa kwenye kile kiti, miguu itaning'inia hewani.
"Shika dumu lako," nikamwambia. Kisha nikajuta,
nikampa kazi: "Kaa kule pembeni, utazame jiwe la kushoto.
Likisogea, piga yowe."
Akachuchumaa, akalikazia macho kama anayengoja litage.

Nikaingia majini.

Kuna kitambo ambacho hakuna aliyenifundisha:
mashua imeanza kuelea, lakini haijaachana na tela,
na uzito wote unajiuliza uende wapi.
Gari likaguna.
Kule ndani, kafi likajibu.
Mimi nimeshika kamba, nimeshika pumzi,
na meno yameshika kitu ambacho hakipo.
Shika, nikasema.
Nilikuwa namwambia nani?

"Jiwe halijasogea!" mtoto akatangaza,
kwa sauti ya redio siku ya mpira.
Na mashua ikatoka taratibu, nyepesi,
kama mgeni aliyeona wenyeji wanasinzia.

Nikaifunga kwenye mambo. Bado nusu ya kazi:
kulitoa gari majini, na tela lake linalochuruzika.
Breki, klachi, mafuta.
Pedali tatu, miguu miwili, na mlima nyuma ya hesabu.

Nikakanyaga breki kwanza, ndipo nikachomoa kafi,
na hapo, chini ya unyayo wangu mtupu ulioloa,
nikakikuta kibonde.
Mpira wa pedali umeliwa upande wa kushoto,
pale kidole gumba chake kilipokaa miaka sita
kikishika.
Siku zote hizi, mbele ya breki, nimekuwa navaa viatu.
Cha kwangu hakikijazi.

Gari likapanda likikohoa.

Mawe nimeyaacha palepale kwa ajili ya kesho.
Kafi liko nyuma ya kiti.
Mtoto amedai mia tano, ujira wa kulinda jiwe;
nimempa, pamoja na kipande cha barafu,
na sasa anakihamisha mkono hadi mkono,
hawezi kukishika, hataki kukiachia.